Kofia Iliyokaa Mkekani

Watu wakiniuliza nilisomea nini Moroni, huwajibu fizikia. Siwaambii kwamba sehemu kubwa ya miaka yangu ya chuo niliimaliza kwa kubishana kuhusu nyama ya mbuzi na nani kakaa wapi. Hata leo nikikumbuka damu hunichemka, na mke wangu akiniona nimekunja uso mezani huniuliza kama nimeshaanza tena mambo ya hirimu.

Hirimu, kwetu kisiwani Ngazija, ni wenzako wa rika moja. Kila kijiji kina hirimu zake, na mwanamume hupanda daraja za maisha pamoja na wenziwe. Hula nao sinia moja, hufanya nao kazi za mji, na akifa wao ndio humbeba. Lakini kubwa kuliko yote ni ndoa kuu. Siku hiyo bwana harusi haingii nyumba ya mkewe peke yake kama paka. Huingizwa na hirimu yake, kwa mlango wa mbele, kwa kasida na ngoma, mji mzima ukitazama. Aliyeingizwa hivyo ndiye mtu mzima; ana haki ya kusema uwanjani na kukaa safu ya mbele. Asiyeingizwa hubaki kuitwa mtoto wa mji, hata ndevu zikiwa nyeupe.

Mimi sikuwa na hirimu. Nilizaliwa Mahajanga, huko Bukini, yaani Madagaska, nikaletwa Moroni ningali mdogo pamoja na Wakomori wenzetu waliolazimika kuondoka kule mwaka 1977 baada ya wengi wetu kuuawa mitaani. Tulipata vyumba mjini na tukapata majina ya utani, ila kila kijiji tulichosema ndicho asili yetu tulikikuta hirimu zake zimeshajaa. Nyumbani bibi yangu, aliyelelewa Unguja, alitusemesha Kiswahili. Kingazija nilijifunza njiani kwa kuchekwa. Kwa hiyo nilipofika chuoni na kusikia kuna vijana wanaanzisha hirimu yao wenyewe, sikuuliza masharti. Nilikwenda mbio.

Ilikuwa hirimu ya wanafunzi wa sayansi na ufundi peke yao: hisabati, fizikia, kemia, umeme na mitambo. Waliosoma sheria na fasihi tuliwakataa mlangoni. Tulisema wale wataongea mpaka wali upoe. Nacheka ninapoandika hivyo, kwa sababu sijapata kuona watu wanaoweza kuongea mpaka wali ukapoa kama sisi.

Aliyetaka kuingia alipewa kifaa kibovu akitengeneze mbele ya wote. Mimi nilipewa pasi ya umeme, nikaeleza vizuri sana kwa nini haipati moto, kisha nikaichomeka na kuzima taa za bweni zima. Waliniingiza kwa huruma. Aliyefuata baada yangu alipewa redio iliyoloa maji ya chumvi, na kabla kahawa haijapoa ilikuwa ikisoma habari. Huyo alikuwa mwanafunzi wa umeme kutoka Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Akawa rafiki yangu na mwenzangu wa chumba. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa ulimi, na huo wa pili ndio uliomponza.

Kila Ijumaa baada ya sala tulikula pamoja, na kila kitu tulikifanya kama tulivyowaona wazee wakifanya vijijini, tena kwa ukali zaidi. Vijana tuliofundishwa darasani tusikubali jambo bila ushahidi, tukifika kwenye sinia tulikuwa wakali kuliko babu zetu. Mkuu wetu, kijana wa mitambo, mrefu, mtu wa Moroni asilia, alijua kila kipande cha mbuzi ni cha nani. Kidari kilikuwa chake. Kosa dogo lililipiwa chakula. Kosa kubwa lilikuwa na adhabu moja, nayo ni kutengwa: hupewi salamu, huli nasi, na shughuli yako hatuiendei.

Tulipotunga kanuni ya kumtoa mtu katika kutengwa, rafiki yangu wa Mutsamudu ndiye aliyesimama na kueleza jinsi ya kuifunga. Alisema iwe kama taa zilizounganishwa kwa mfululizo: moja ikitoka, zote zisiwake. Yaani aliyetengwa na wote asamehewe na wote, wakiwa wamekaa pamoja, asikosekane hata mmoja. Aliogopa wachache wasije wakakutana kichochoroni na kubatilisha walichoamua wengi. Tuliona ni hoja ya kisomi kabisa, tukanyoosha mikono.

Haukupita muda rafiki yangu akachumbia. Binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Vouvouni, kijiji cha kusini ya Moroni. Kwetu nyumba hujengwa na upande wa mwanamke, na mume ndiye huhamia. Nyumba ya binti ilikuwa imekwisha, mawe na saruji, madirisha ya rangi ya kijani. Waya za umeme tu ndizo zilizoachwa zikining'inia, maana mchumba alisema hizo atazifunga kwa mkono wake. Mjomba wa binti, mwenye kauli katika ukoo, hakumkataa kijana kwa sababu ya kutoka Nzwani. Aliuliza swali moja tu: "Huyu ataingizwa na nani?" Rafiki yangu akasema ana hirimu chuoni. Mjomba akataka kuiona.

Tulimwalika Ijumaa. Mbuzi alichinjwa, na zamu ya kugawa ilikuwa ya rafiki yangu. Kwao Mutsamudu mgeni hupewa kilicho bora, basi naye akachukua kidari akakiweka mbele ya mjomba. Mkuu aliletewa mbavu. Alikula kama mtu anayetafuna karatasi. Mgeni alipoondoka tu, akadai faini ya mbuzi mzima.

Rafiki yangu akacheka. "Mkuu, kile ni kipande cha nyama, si kiti cha enzi."

Angekaa kimya angelipa mbuzi na mambo yangekwisha. Kwa kicheko kile alitengwa jioni ileile. Nilimfuata chumbani, nikamwambia yamekwisha kuwa, ajishushe, aombe radhi. Alinuna, akazunguka chumba, mwishowe akasema sawa, ataomba radhi tukirudi kutoka likizo, hirimu ikikaa kamili. Ndoa ilikuwa baada ya hapo. Akaenda zake Mutsamudu kumsalimu mama yake, na mwenzetu mwingine wa Nzwani, kijana wa kemia, akafuatana naye.

Likizo haijaisha, Nzwani kikajitangaza kimejitenga na Moroni.

Wengine wameandika mambo ya bendera, majeshi na mikutano, na wataendelea kuandika. Mimi nilichokiona kwanza ni viti viwili vitupu chuoni. Meli zikawa za kubahatisha, ndege hazina uhakika, na barua zilipita mikononi mwa abiria wenye huruma. Moroni watu walizungumza habari za Nzwani kwa hasira, kisha wakanunua machungwa ya Nzwani kwa siri yakipatikana. Nilidhani ni mambo ya wiki chache. Kila mtu alidhani hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyejiandaa.

Msimu wa ndoa ukakaribia. Nilikwenda Vouvouni kumwomba mjomba asubiri. Alinipokea vizuri, akanitilia chai mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "Nzwani si tatizo langu. Wakubwa wamegombana, watapatana. Tatizo langu nimesikia kijana ametengwa na wenziwe. Mtu asiye na wenzake, siku akifa atabebwa na nani? Na mpwa wangu atakaa na nani matangani?"

"Atasamehewa, mjomba."

"Basi mleteni. Akija na hirimu yake, mlango wa mbele uko wazi. Lakini sitangoja milele, mpwa wangu ana wadogo zake wawili nyuma yake, nao hawawezi kumtangulia."

Wakati naondoka binti alinisindikiza mpaka barabarani. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu: "Kaka, kwa kipande cha nyama?" Nikapanda gari nimejaa aibu isiyokuwa yangu.

Nilirudi kwa mkuu, ambaye sasa alikuwa amepata kibarua cha kutazama mitambo bandarini. Meli kubwa hutia nanga mbali na mizigo huletwa kwa mashua, na winchi ilikuwa ikiharibika kila kukicha. Nilimkuta amejaa grisi. Nikamwambia tukae tumsamehe mtu, tumalize.

"Tutakaaje? Wa Nzwani hawapo. Kanuni inasema wote."

"Kanuni haikujua kama nchi itakatika."

"Sheria ni msumeno, ndugu yangu. Na aliyeunoa ni yeye mwenyewe."

Nilitaka kumrushia spana. Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa na chuki. Angekuwa na kinyongo cha kidari ningemwelewa, lakini alikuwa anasikitika kweli kweli, huku hasogei hata unyayo.

Nikaja na wazo la simu. Tungekwenda posta, tukapiga Mutsamudu kwa saa iliyopangwa, rafiki yangu na yule wa kemia wakawa upande wa pili, sisi upande huu, mtu akaomba radhi, tukaitikia, basi. Hirimu ikakutana kuijadili hoja hiyo. Ee Mola wangu! Mmoja wa hisabati akataka kwanza tufafanue maana ya kukaa. Je, kukaa ni mwili au ni sauti? Wa fizikia mwenzangu akasema sauti ya simu si sauti yenyewe, ni umeme uliogeuzwa, kwa hiyo aliyeko posta anasikia mashine, hasikii mtu. Mwingine akauliza: simu ikikatika katikati ya msamaha, mtu atakuwa amesamehewa nusu? Wakacheka, wakaona ni swali tamu, wakaligeuzageuza mpaka adhana ya magharibi. Nilipiga kelele kwamba kuna msichana Vouvouni nyumba yake inaota utando wa buibui. Walinitazama kwa mshangao, kisha mkuu akasema hoja ya simu imekataliwa, kukaa ni kukaa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kunitafuta nyumbani siku chache baadaye, amevaa shati safi, uso umechangamka.

"Nimekumbuka jambo. Kwenye hirimu ya marehemu babu yangu, mzee akiugua asiweze kuja, walituma kofia yake. Ilikaa mkekani mahali pake, na fungu lake la nyama likawekwa mbele yake. Walisema kofia yake imekaa, yeye amekaa."

"Kwa hiyo kofia inakubalika na sauti ya mtu haikubaliki?"

"Kofia ina mfano. Simu haina."

Sikubishana tena, maana mwenye kiu hachagui kata. Hukumu yake ilikuwa hivi: aliyetengwa lazima aje mwenyewe, maana kofia haiombi radhi, lakini yule wa kemia anaweza kutuma kofia. Kazi ya kwenda kuwaleta, mtu na kofia, nikapewa mimi. Walisema mtu wa Mahajanga hana kisiwa, atapita popote. Walidhani wananisifu.

Nilipata nafasi katika meli ya mizigo iliyokuwa imejaa mchele na watu waliotapika. Mutsamudu, bandarini, vijana wenye bunduki waliniuliza natoka wapi. Nikasema nimezaliwa Mahajanga. Wakaanza kubishana kama Mahajanga ni upande wetu au upande wao, na walipoona hawafiki popote wakaniachia. Mji ulikuwa wa kimya. Petroli hakuna, maduka mengi nusu mlango, na katika vile vichochoro vyembamba vya mji wa kale harufu ya karafuu ilikuwa imechanganyika na moshi wa kuni. Rafiki yangu nilimkuta kwenye baraza ya mama yake, amefungua jokofu la jirani, anatoa vipuri vyake.

"Jeje?" akanisalimu kwa Kikomori, kana kwamba tuliagana jana. Kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka bisibisi ikanichoma mgongoni.

Nilimweleza habari ya kofia. Kwanza alicheka kicheko chake kilekile, halafu akakasirika. "Watu hapa hawana mafuta ya taa, hawana dawa, na ninyi Moroni mmekaa mnatafuta mfano wa kofia? Kwa kidari?"

"Kanuni ni yako."

"Najua ni yangu! Usinikumbushe."

Mama yake alikuwa anachambua mchele pembeni. Akauliza bila kuinua kichwa: "Yule msichana bado anakusubiri?"

"Anasubiri, mama," nikajibu mimi.

"Basi mwanangu, kinyongo hakijengi nyumba. Nenda kaombe radhi, hata kama hujakosa."

Rafiki yangu akafunga jokofu, akasema atakuja.

Yule wa kemia alikuwa Ouani, kwenye uwanja wa ndege, ambako watawala wapya walikuwa wamempa meza na mhuri. Ndege zenyewe zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Tulimkuta amevaa tai. Alifurahi kutuona, akauliza hali ya mkuu, akauliza hata kama pasi yangu imepona. Nilipomwomba kofia, akasita.

"Kofia yangu ikikaa Moroni, ni kama mimi nimekaa Moroni. Wakubwa wa hapa watasema nimewatambua wale wa Moroni."

"Umemtambua nani? Ni mkeka!"

"Mkeka wa wapi?"

Nilihisi kichwa kinaniuma upande mmoja. Nimekimbia kisiwa kimoja cha watu wanaofafanua maneno, nimetua katika kingine. Tulibembelezana pale mpaka jua likapinda. Mwishowe alitoa kofia ile nzuri, iliyodariziwa na dada zake, lakini kwa sharti: isikae kwenye chumba chenye bendera. Nikaapa. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia polepole kwamba ndugu zake wanaoishi Moroni wameanza kutukanwa njiani, na kama siyo hivyo angekuja mwenyewe. Hapo nilimwelewa kidogo.

Tulirudi pamoja, rafiki yangu na mimi, na kofia imefungwa katika kitambaa kifuani mwangu. Hirimu ikakaa. Niliikagua nyumba nikaona hakuna bendera. Kofia ikawekwa mkekani kati ya wawili wa kemia, na fungu la nyama mbele yake. Rafiki yangu alisimama, akaomba radhi kwa maneno machache, bila kicheko. Mkuu akauliza kama wote wamekubali. Wote tukaitikia, na jirani wa kofia akaitikia kwa niaba yake. Watu wakamkumbatia, wengine wakalia, na mimi nikiwemo. Nilisema moyoni kumbe ujinga wote ule ulikuwa na mwisho.

Siku ya ndoa kuu ikapangwa. Wazazi wake wasingeweza kuvuka, kwa hiyo hirimu ingekuwa ndugu, jamaa na kijiji chake kwa mpigo mmoja. Kila mmoja aliahidi kuja na joho. Lakini katika wiki zile Moroni ikaanza kubadilika. Nzwani kilikuwa kimekataa kutia sahihi mapatano fulani, na hasira ya wakubwa ikashuka mitaani. Vijana waliweka magogo njiani, wakasimamisha magari na kuwataka watu waseme, ili wasikie lafudhi ya nani ni ya Kinzwani. Rafiki yangu, aliyekuwa akikaa kwetu, akaacha kwenda sokoni. Mama yangu, aliyewahi kuyaona ya Mahajanga, alianza kufunga mlango mchana.

Asubuhi ya ndoa tulikuwa tumvike kwetu kisha tutoke pamoja. Alivaa kanzu, joho jeusi lenye dhahabu, kilemba. Alipendeza. Tukakaa kungoja wenzetu. Mkuu alifika wa kwanza, naye kavaa kama sultani, akitoka jasho. Tukangoja tena.

Akaja dada wa yule mwanahisabati. Alisimama kizingitini, akatoa kofia kwenye mkoba wake. "Kaka hajisikii vizuri. Amesema kofia yake ikikaa, yeye amekaa."

Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake akaja mke wa mwingine na kofia, kisha shangazi ya mwingine, kisha jirani akaja na kofia tatu kwa pamoja, zimepangwa moja ndani ya nyingine kama vikombe. Mmoja hana petroli, mmoja ana homa, mmoja babu yake anamhitaji. Wote walijua mfano, wote walikuwa mkekani siku ile. Hakuna aliyetamani kuonekana anamsindikiza mtu wa Nzwani katikati ya barabara. Mama yangu akaleta kikapu, tukaziweka humo.

Nilifoka. Nilisema twende tukawatoe nyumbani mmoja mmoja kwa ukosi. Rafiki yangu aliniambia nikae, watu wanaogopa. Nikamgeukia mkuu, nikiwa na hakika kwamba naye atatoa kofia yake aiweke juu ya zile nyingine, atuage. Badala yake alilikaza joho lake.

"Kanuni inasema mwenzetu huingizwa," akasema. "Twendeni."

Mtu huyu aliyenitesa kwa ugumu wake sasa alikaa kiti cha mbele cha gari, na kila tulipofika kwenye magogo aliteremsha kioo, akasema kwa Kingazija cha ndani kabisa kwamba anamwingiza mwenzake Vouvouni, na ole wake atakayemchelewesha. Rafiki yangu alikaa nyuma, midomo imefungwa. Tulipita. Sikuwahi kumpenda mkuu kabla ya safari ile, na bado nilikuwa na hamu ya kumkaba.

Vouvouni walikuwa wamejipanga. Wanawake katika mashiromani yao, zile shuka za kujitanda, wazee barazani, wapiga ngoma wanapasha ngozi moto. Tukashuka watu watatu na kikapu. Ngoma zilianza, zikasita, zikanyamaza. Mjomba alitazama nyuma ya gari letu, akangoja gari jingine, halikuja.

"Hirimu iko wapi?"

Mkuu alisogea, akafunua kikapu. Akaeleza yote, tena kwa heshima na kwa ufasaha: babu yake, mzee mgonjwa, fungu la nyama, kofia ikikaa mtu amekaa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua kofia moja, akaigeuza, akatazama darizi yake, akairudisha taratibu.

"Wanangu, hizi zitabeba jeneza?"

Akakifunika kikapu mwenyewe.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili vinahangaika. Ninyi wawili nimewaona na sitawasahau. Lakini siwezi kuuambia mji huu kwamba mpwa wangu kaingiziwa mume na kofia. Ndoa itafungwa, kwa sababu nilitoa neno na yeye anamtaka. Itakuwa ndoa ndogo. Aingie kwa mlango wa uani."

Rafiki yangu alisimama kidogo. Nilidhani atacheka, na ningefurahi kama angecheka. Alivua joho, akalikunja, akanipa mimi. Halafu akazunguka nyumba, peke yake, akakanyaga majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, akaingia. Ndani mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hakuna mwingine aliyekipokea.

Tukabaki juani, mkuu na mimi. Aliufuta uso kwa mkono wa joho. Kisha akaniuliza, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea: "Kwa kanuni, tumemwingiza au hatukumwingiza?"

"Ziulize kofia," nikamwambia.

Hirimu yetu haikukaa tena baada ya siku ile. Visiwa vilikuja kupatana kwa namna yake, meli zikarudi, na wale waliotuma kofia wakawa wahandisi na walimu, wakifanya ndoa kuu zao huku wameingizwa na hirimu za vijiji vyao. Walinialika. Sikwenda hata moja.

Mwaka jana nilikwenda Vouvouni kumtembelea rafiki yangu. Amezeeka vizuri, ana wajukuu, na hakuna nyumba pale ambayo waya zake hakuzifunga yeye. Jioni palikuwa na kikao uwanjani kuhusu jenereta jipya la kijiji. Watu wazima walikaa mbele, wakabishana kwa muda mrefu kuhusu nguvu ya mashine, wakikosea kila kitu. Rafiki yangu alikuwa nyuma kabisa, miongoni mwa vijana, ndevu nyeupe pepe, amefumbata mikono magotini. Nilimnong'oneza kwa nini hawaambii. Akaniambia ninyamaze, wakubwa bado wanazungumza.